Mwaka wa kwanza baada ya unovisi: maisha katika nyumba ya masista wanne

Siku ya nadhiri za kwanza ina kwaya, vigelegele, wazazi waliovaa khanga mpya, na picha zisizohesabika. Wiki mbili tatu baadaye inakuja barua ya utume, na hiyo haina kwaya. Sista kijana anapanda basi na sanduku lake, anashuka stendi ya mji asioujua, anapokewa katika nyumba ya masista wanne, pengine watatu. Unovisini, yaani nyumba ya malezi ya kabla ya nadhiri alikotoka, walikuwa thelathini, na kila dakika ilikuwa na mwenyewe. Huku anakuta mkuu wa jumuiya ambaye pia ni mganga mfawidhi wa zahanati, sista mzee mwenye kisukari, mwalimu anayesahihisha madaftari hadi usiku, na yeye.

Wengi wanaoyumba huyumbia hapa, na chanzo huwa kidogo sana: usingizi, ugali uliobaki, risiti iliyopotea, simu kutoka nyumbani. Ndiyo maana haya yanastahili kuandikwa kwa kina, maana unovisini husomwa katiba na historia ya shirika, lakini ni mara chache mtu hufundishwa namna ya kufunga hesabu za kikasha cha nyumba.

Jambo moja la sheria kwanza. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa 1983 unataka unovisi usiopungua miezi 12, na mashirika mengi ya kwetu huufanya miaka 2. Baada yake nadhiri za muda hudumu miaka isiyopungua 3 wala kuzidi 6. Zinaweza kuongezwa, ila jumla isipite miaka 9. Miaka yote hiyo sista bado yuko katika malezi. Nyumba inayompokea kama jozi ya mikono iliyoongezeka, ikampa bustani, kuku, sakristia, kwaya ya watoto na zamu ya wodini kwa pamoja, imesahau kwamba imekabidhiwa mtu wa kulelewa.

Ratiba na usingizi

Ratiba ya kawaida katika nyumba ndogo iliyo jirani na parokia huwa hivi: kuamka saa 10:45 alfajiri, tafakari saa 11:15, Masifu ya asubuhi saa 11:50, Misa saa 12:30, chai, kisha kila mtu kazini kwake. Jioni ni rozari saa 12:00, Masifu ya jioni saa 12:30, chakula saa 1:30, maongezi ya pamoja, Sala ya kabla ya kulala saa 3:00, na baada ya hapo ukimya mkuu. Taa huzimwa saa 4:00. Piga hesabu: ni saa 6 na dakika 45 kitandani, kama umelala mara tu taa ilipozimwa. Hesabu hiyo haina nafasi ya kurudi jikoni saa 3:30 kuandaa uji wa kesho, wala ya kusoma simu chini ya shuka.

Kinachovuruga ratiba hii ni kazi. Misa ya saa 12:30 inaisha saa 1:05, na mwalimu anatakiwa shuleni saa 1:15. Akienda bila chai kwa muhula mzima atachoka na kudhoofika, na hilo limetokea katika nyumba nyingi. Dawa yake ni rahisi: mwenye zamu ya jikoni achemshe chai kabla ya Masifu, aiweke kwenye chupa, afunike mihogo au viazi vya jana. Muuguzi wa zamu ya usiku naye anarudi saa 2 asubuhi wakati wengine wanatoka. Huyo anasali Masifu peke yake, analala, na nyumba inamlinda: mgeni hagongi dirisha lake, pampu ya maji haiwashwi karibu na chumba chake, na hapangiwi kupika siku hiyo. Yaandikwe kwenye karatasi ya zamu. Yasipoandikwa yatategemea huruma ya mtu, na huruma ya mtu aliyechoka haina uhakika.

Sala ya watu wanne

Unovisini sauti yako ilizama katika sauti thelathini. Hapa mkiwa wanne, wawili huku na wawili kule, kila kosa linasikika. Vitu vitatu huharibu zaburi katika jumuiya ndogo. Cha kwanza ni kuanza juu: alfajiri koo bado limefunga, kwa hiyo aanzaye ashuke sauti kuliko anavyodhani inafaa. Cha pili ni kupita alama ya nyota katikati ya mstari bila kupumua. Pumzi ile moja ndiyo inayowaweka pamoja. Ikirukwa, upande mmoja unamaliza huku mwingine unakokota. Cha tatu ni sista mzee ambaye haoni vizuri na anasali kwa kumbukumbu ya tafsiri ya zamani. Usimkimbize. Mmoja akae karibu naye, afuate mwendo wake, na wengine wawasikilize hao wawili.

Anayeongoza sala wiki hiyo apange tepe za kitabu cha sala Jumamosi jioni, kabla ya Masifu ya kwanza ya Dominika: utepe mmoja kwenye zaburi za juma, mmoja kwenye kipindi cha mwaka, mmoja kwa watakatifu, mmoja kwenye sala ya kabla ya kulala. Zaburi zinazunguka kwa majuma manne. Mzunguko unaanza upya, juma la kwanza, Dominika ya kwanza ya Majilio, Dominika ya kwanza ya Kwaresima, Dominika ya Pasaka, na juma la kwanza la kipindi cha kawaida. Ukiwa kati ya kipindi cha kawaida na umepotea, gawanya namba ya juma kwa 4. Kinachobaki ndicho juma la zaburi, na kisipobaki kitu ni juma la 4. Kwa hiyo juma la 22 linachukua zaburi za juma la 2. Mahali ambapo karibu kila mtu hukosea ni Jumatatu baada ya Pentekoste. Kipindi cha kawaida kinarudi, ila hakirudi pale kilipoachwa kabla ya Majivu, na miaka mingine juma moja hurukwa kabisa. Angalia kalenda ya liturujia ya mwaka huo. Usihesabu kwa vidole.

Siku ambazo mmebaki wawili tu, salini wawili. Siku umebaki peke yako, sali kwa sauti. Sista anayeanza kuahirisha sala kwa sababu wenzake wamesafiri atagundua baada ya mwezi kwamba hata wakiwepo anasubiri asukumwe.

Jikoni

Aliyezoea kupikia watu thelathini hupima unga kwa bakuli kubwa, na wiki ya kwanza mbwa wa jirani hunenepa. Kwa watu wanne wazima, kilo moja ya unga inatosha ugali na inaweza kubaki kidogo. Mchele ni robo tatu kilo. Maharage makavu nusu kilo, yakilowekwa usiku, yanatoa milo miwili. Tenga ya leo kabla ya kuunga, maana yaliyoungwa kwa nazi huchacha upesi kwenye joto, hasa pasipo na friji. Sista wa kisukari apikiwe mboga za majani nyingi na apunguziwe ugali, na ale kwa saa isiyobadilika kama anatumia sindano. Kumchelewesha kwa sababu ya mkutano wa parokia ni hatari ya kweli. Kila mmoja nyumbani ajue dalili za sukari kushuka, yaani jasho, kutetemeka, maneno kutoeleweka, na ajue sukari ya kumpa iko kabati gani.

Kuku wa mayai ni mradi unaopendwa kwenye nyumba zetu, na mara nyingi hupewa sista kijana. Kuku mmoja anakula kama gramu 120 kwa siku. Kuku 50 ni kilo 6, maana yake mfuko wa kilo 50 unaisha kwa siku 8. Wakitaga vizuri utaokota mayai 40 hivi kwa siku. Hasara huingia kwa njia ambayo haionekani: mayai ya chai, mayai ya wageni wa paroko, trei ya zawadi kwa mwalimu mkuu. Hakuna ubaya wowote katika kutoa, ila yaandikwe kama yaliyouzwa, kwa bei ileile, kwenye safu yake. Bila hivyo mwisho wa mwezi mradi utaonekana unakula fedha, na lawama itamwangukia aliyeshika daftari.

Hapa pia niseme jambo ambalo wasichana wengi huona haya kulitaja. Taulo za kike zisiombwe moja moja kwa mkuu wa jumuiya. Ziwekwe kwenye kabati la pamoja pamoja na sabuni, dawa ya meno na mafuta, na anayefanya manunuzi ya mwezi ajazie bila kuulizwa. Kuna masista wadogo waliotumia vitambaa vibichi kwa miezi kwa sababu walishindwa kufungua mdomo mbele ya mama mwenye umri wa bibi zao. Nadhiri ya ufukara haijawahi kudai hivyo.

Fedha

Katika nyumba ya kitawa mshahara wa sista, posho, zawadi anayopewa kwa sababu ni sista, hata pensheni, kwa kawaida ni mali ya shirika. Sheria ya Kanisa inasema hivyo, na katiba ya shirika hufafanua zaidi. Ugumu unatokana na benki: akaunti ya mtumishi wa serikali ina jina lake mwenyewe, kadi iko mkononi mwake, na ujumbe wa mshahara unaingia kwenye simu yake. Njia salama ni kutoa au kuhamisha siku ileile au kesho yake, kukabidhi pamoja na karatasi ya mshahara, na kupewa stakabadhi. Fedha ikikaa wiki mbili inaanza kupata matumizi.

Kitabu cha fedha cha nyumba kiwe na safu sita: tarehe, maelezo, namba ya risiti, kuingia, kutoka, salio. Makato ya kutuma na kutoa kwa simu yaandikwe mstari wake. Yakichanganywa na kiasi kilichotumwa, salio halitalingana kamwe na utatafuta shilingi elfu mbili usiku kucha. Bodaboda, mkaa wa njiani na nyanya za sokoni havina risiti, kwa hiyo tumia hati ya malipo: andika kiasi, sababu, tarehe, weka saini yako na ya mkuu. Hesabu kikasha kila Jumamosi mbele ya sista mwingine. Pengo likionekana liandikwe hivyo lilivyo. Usilijaze kwa fedha ya mfukoni ili lilingane, kwani kesho utaanza kujazia la pili.

Halafu kuna nyumbani. Kwa wazazi wengi binti ameingia mahali pa gari, umeme na wazungu, na wadogo zake wanadaiwa ada. Simu inakuja Januari. Baba haombi kwa ubaya. Amemlea, na desturi inampa haki ya kutarajia. Jibu linalosaidia ni la kweli na la heshima: "Baba, shikamoo. Mshahara wangu unaingia mfuko wa jumuiya, siwezi kuutoa peke yangu. Nitamweleza mkuu wa jumuiya yetu, na jibu lolote atakalonipa nitakupigia mwenyewe." Kisha kweli umweleze mkuu, na kweli upige, hata kama jibu ni hapana. Kinachoumiza familia zaidi ni ahadi isiyotimizwa na simu isiyopokelewa. Kinachomwangamiza sista ni kujaribu kutatua kwa siri: kukopa kwa mwalimu mwenzake, kujiunga na VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, kwa jina la rafiki, au kuchukua mkopo wa kausha damu unaodai kila wiki. Mashirika yenye busara huwaita wazazi kabla ya nadhiri na kuwaeleza wazi, Mama Mkuu, yaani kiongozi wa shirika zima, mwenyewe akiongea. Shirika lisilofanya hivyo linamwachia msichana wa miaka 23 kazi ya kumwambia baba yake maneno ambayo wakubwa waliona aibu kuyasema.

Msiba ni tofauti. Mzazi wa sista akifariki, jumuiya inakwenda naye, haimpi nauli tu. Nyumba itenge kiasi kidogo kila mwezi kwa ajili hiyo, ili siku ya msiba kusiwe na mjadala wa fedha.

Kutofautiana

Masista wanne wanaweza kutoka makabila manne na miongo minne. Kiswahili kizungumzwe mezani hata kama wawili ni wa lugha moja. Cheko la kilugha huwatenga wengine haraka kuliko tusi. Kikao cha jumuiya kifanyike kila wiki, nusu saa, siku isiyobadilika: ratiba, zamu, fedha, halafu jambo la moyoni kama lipo. Kinachokaa bila kusemwa wiki tatu hutokea wiki ya nne kwenye sufuria isiyooshwa. Mdogo anaweza kumkosoa mkubwa, na namna inajulikana: asubiri faragha, asimame au akae chini yake, aanze na "Mama, naomba nikueleze jambo linalonisumbua", ataje tendo moja la siku moja, asihesabu ya mwaka mzima. Mkubwa naye ajue kwamba kumnyamazia mdogo siku tatu ni adhabu nzito isiyo katika katiba yoyote.

Utii hauhusu dhamiri ya ndani. Sheria inawakataza wakuu kumshurutisha sista kwa namna yoyote awafunulie dhamiri yake, na inamwachia uhuru wa kuchagua muungamishi. Mkuu anayeuliza "ulimwambia nini padre?" amevuka mpaka.

Kazi za parokia na mipaka

Sista akitumwa kufanya kazi parokiani, kuwe na mkataba wa maandishi kati ya shirika na jimbo au parokia: kazi ni zipi, saa ngapi, posho kiasi gani, siku ya mapumziko, matibabu. Bila karatasi, kazi ya katekesi hugeuka kuwa katekesi na usafi wa kanisa na kufua kanzu na kupika kwa paroko. Kufanya mambo hayo kwa upendo ni vizuri. Kuyafanya kwa sababu hakuna aliyethubutu kuuliza ni kitu kingine.

Mipaka midogo ilinde nyumba. Wageni wapokewe sebuleni, mlango ukiwa wazi. Safari za usiku kwa gari la mtu mmoja ziepukwe. Ujumbe wa simu unaokuja baada ya saa 3 usiku usijibiwe hadi asubuhi, awe mwandishi ni mwalimu, mfadhili au padre. Simu zote zichajiwe sebuleni usiku. Hilo peke yake limetuliza nyumba nyingi. Na pakitokea jambo baya, lisifunikwe. Februari 2019 Papa Fransisko alikiri hadharani kwamba kuna masista waliodhulumiwa na makleri (mashemasi, mapadre na maaskofu), na Mei mwaka huohuo alitoa sheria inayowalazimu makleri na watawa kutoa taarifa, na kila jimbo kuwa na mfumo wa kuzipokea. Andika tarehe, mahali na maneno, tunza ujumbe wa simu, mwambie mkuu wa jumuiya. Akikaa kimya, mwandikie Mama Mkuu. Sista aliyeumizwa asihamishwe usiku kama mkosaji.

Sakristia, mafungo na barua ya kila mwaka

Sakristia ni kazi ya mikono iliyo karibu kabisa na altare, na ina utaratibu wake. Purifikatori (kitambaa cha kufutia kalisi) na korporale (kitambaa kinachotandazwa altareni wakati wa Misa) zisitupwe kwenye beseni la nguo nyingine. Zilowekwe kwanza katika maji safi, maji hayo yamwagwe kwenye sakrario, yaani sinki maalumu inayopeleka maji moja kwa moja ardhini, au kama haipo, kwenye udongo mahali pasipokanyagwa. Baada ya hapo zifuliwe kwa sabuni kama kawaida na zipigwe pasi zikiwa na unyevu kidogo. Korporale hukunjwa kwa ndani, theluthi tatu kisha theluthi tatu, ili chembe isianguke. Madoa ya divai yakikaa hadi Jumatatu hayatoki.

Mafungo ya siku moja kwa mwezi huwa ya kwanza kuliwa na kazi, kwa sababu hayana mwenye kulalamika. Yawekwe kwenye kalenda ya mwaka mzima mapema, na mwalimu aombe ruhusa shuleni mapema vilevile.

Pale ambapo nadhiri za muda hurudiwa kila mwaka, zinapokaribia kuisha sista mwenyewe anaandika barua kwa mkono wake kuomba kuzirudia. Isinakiliwe ya mwaka jana. Itaje nyumba alikoishi, kazi aliyofanya, lililomjenga, lililomshinda, na ombi lenyewe kwa maneno yaliyo wazi. Muda ukiisha na akaona njia yake si hii, yuko huru kuondoka. Hawezi kudai mshahara wa miaka aliyotumika, lakini sheria inalitaka shirika limtendee kwa haki na upendo wa Injili. Kwa vitendo hilo ni nauli, nguo za kawaida zinazomtosha, vyeti vyake vyote mkononi, kitu cha kuanzia maisha, na kuagwa mezani mchana kweupe. Kumtoa alfajiri kabla wenzake hawajaamka ni ukatili, na wanaobaki hujifunza kuogopa.

Anayehamishwa anakabidhi kwa maandishi, nakala mbili: funguo kwa namba, salio la kikasha lililohesabiwa na watu wawili, idadi ya kuku na mifuko ya chakula, vifaa vya sakristia, madeni ya duka la jirani. Chini ya orodha aache mistari michache kwa atakayekuja: kwamba sista mzee hupenda chai isiyo na tangawizi, kwamba bomba la nje likifunguliwa zaidi ya nusu maji hukatika jikoni, na kwamba utepe wa kijani kwenye kitabu cha sala umechanika, kwa hiyo ageuze ukurasa polepole.